Peremende za Waya

Wiki iliyopita wanangu walirudi kutoka kwenye Krismasi ya ukoo wakiwa na mfuko mzima wa switi na chokoleti. Kila mjomba alikuwa ameleta zake, kila shangazi zake, na kanisani nako waligawiwa. Walizimwaga zote mezani, nyumbani kwetu hapa Migori, na kwa kuwa jua lilikuwa limepiga mabati tangu asubuhi, chokoleti zilikuwa zimeanza kulainika ndani ya karatasi zake. Harufu ikapanda. Mume wangu akacheka, akauliza tutazifanyia nini zote hizo, tuzifiche au tuwape majirani. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikitazama sakafu chini ya meza.

Wenzangu wa umri wangu, harufu ya chokoleti huwakumbusha sikukuu. Mimi hunikumbusha sisimizi.

Tulikuwa pacha, mimi na Odongo. Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, ndiyo maana naitwa Apiyo. Yeye alifuata, akaitwa Odongo, kama desturi yetu Wajaluo inavyotaka. Tuliishi Magunga na mama yetu, aliyeuza vitambaa vya nguo sokoni, na nyanya yetu mzaa baba, tuliyemwita Dani. Baba alifanya kazi huku Migori, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Watu walikuwa na maneno mengi kuhusu pacha. Walisema ukimchapa mmoja, mwingine hulia. Walisema homa ikimshika mmoja, mwandalie mwingine kitanda. Waliyasema kwa kututania, lakini mimi niliyachukua vile vile yalivyo, kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Surua ilitushika pamoja. Meno yetu ya mbele yaling'oka karibu pamoja, tukacheka kama wazee wawili.

Mwaka huo Waya, ndivyo sisi tunavyomwita shangazi, dada yake baba, alirudi kutoka Uarabuni alikokuwa akifanya kazi katika nyumba za watu. Sisi ni Wasabato, na nyumbani kwetu Krismasi haikuwa na makuu, lakini Waya alikuwa amekaa mbali na watoto wa kaka yake muda mrefu na alitaka kuulipa muda huo wote kwa mkupuo. Alipofungua zipu ya sanduku lake kubwa, harufu ya chokoleti ilijaa chumba kizima, ikaizima hata harufu ya samaki iliyokuwa jikoni. Kulikuwa na chokoleti za karatasi za dhahabu, peremende ngumu za rangi rangi, tofi zilizonata kwenye meno, na vijiti vya sukari ambavyo hatukujua vinalambwa kuanzia upande gani. Dani alisema ni kama duka limetapika.

Mama alichukua usimamizi hapo hapo. Alivitia vyote kwenye beseni, akatenga fungu la watoto wa kanisani, fungu la binamu zetu, na fungu la kupeleka sokoni kwa watoto wa wenzake. Bado zikabaki nyingi mno. Peremende ngumu alizifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Chokoleti alizitia kwenye debe dogo na kulizika nusu katika mchanga mbichi uliozunguka mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Kila jioni baada ya chakula alitupa moja moja, mimi na Odongo, na hakukubali kubembelezwa.

Tulipenda kwenda kuzila nje, kwenye ua. Hapo ndipo Min Awuor alipotukuta. Huyu alikuwa mjane, jirani yetu wa upande wa chini, mwembamba, mwenye macho makubwa mekundu yaliyoungua na moshi wa kukausha samaki. Kwetu wapo watu wanaosemekana kuwa na jicho: wakikutazama ukila, chakula hugeuka ugonjwa tumboni mwako. Jicho hilo huitwa sihoho. Min Awuor alisemekana analo. Watoto wote tulijua kwamba akipita, mkono wenye chakula unaenda nyuma ya mgongo. Lakini jioni hiyo mikono yetu ilikuwa imejaa chokoleti iliyoyeyuka na tulichelewa. Alisimama, akatutazama, akatabasamu, akasema, "Leo mnakula vitamu," akaenda zake.

Baada ya hapo Odongo alianza kunywa maji.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Aliinamia mtungi kama ng'ombe aliyefika mtoni. Akinywa anaenda kukojoa, akitoka kukojoa anakunywa tena. Kisha akaanza kukojoa kitandani, yeye aliyekuwa ameacha zamani, na kila asubuhi Mama akaanika blanketi lake kwenye kamba. Mimi ndiye niliyewaona wa kwanza. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye nguzo, wakapanda kamba, wakajazana kwenye baka la mkojo kama waliomwagiwa sukari. Nilimwita Mama. Aliwatazama kwa muda mrefu, akawapangusa kwa kiganja, akaniambia nisimwambie mtu.

Odongo akakonda. Shingo yake ikawa nyembamba, kola ya shati ikabaki inaning'inia. Pumzi yake ikaanza kunuka utamu, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mama alimnusa mdomo, akadhani anaiba switi. Akamuuliza kwa upole, kisha kwa ukali. Odongo akakataa, akilia bila nguvu. Mama akafungua sanduku la bati, akalikuta lilivyo, akaketi kitandani akiwa amelishika. Nilimtazama usoni nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mtu mzima: Mama alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Dani hakuwa na shaka hata kidogo. Alisema mtoto ametazamwa. Kulikuwa na mama mmoja ng'ambo ya pili aliyejua kuyatoa mambo hayo kwa kuchanja tumbo kwa wembe na kuvuta kilichomo. Ataitwa asubuhi. Na kwa kuwa ni pacha, na wote wawili tulitazamwa, tutachanjwa wote. Mama alisema tuombe kwanza. Tukaomba, na katika maombi yote niliwaza wembe tu.

Asubuhi Odongo hakuweza kusimama. Alikuwa ametapika, na alipumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima mbio, ingawa alikuwa amelala. Dani alikuwa tayari anajifunga leso kichwani aende kumwita yule mama. Mama akamzuia mlangoni.

"Nampeleka Homa Bay," akasema.

"Na akifia njiani?" Dani akauliza.

"Basi atafia mikononi mwangu nikikimbia. Sitakaa hapa nimtazame."

Akaita pikipiki. Alinichukua na mimi, kwa sababu naye, pamoja na sala zake zote, aliamini kwamba pacha hawagawanyiki. Tulibanana hadi Mbita, Odongo amefungwa kifuani mwake kwa kanga kama mtoto mchanga, kisha tukapata gari la Homa Bay. Nilikuwa nimekishika kidole chake cha mguu. Kilikuwa kikavu na baridi.

Hospitalini daktari alikuwa kijana asiyejua Kijaluo. Alimnusa Odongo mdomo, akaita wenzake, wakamdunga kidole, wakatazama kimashine. Kisha akamwambia Mama kwa Kiswahili, "Mama, mtoto ana sukari. Sukari imejaa kwenye damu yake. Ungechelewa kidogo tungempoteza."

Nikaelewa kila kitu. Zile peremende hazikuwa zimeishia tumboni. Zilikuwa zimeingia kwenye damu, zikajaa humo, na ndiyo maana sisimizi walikuja. Na kila alichokula Odongo nilikula mimi, moja kwake, moja kwangu, Mama mwenyewe ndiye aliyegawa.

Mama akanisukuma mbele. "Huyu ni pacha wake, daktari. Mpime na yeye."

Wakanidunga. Daktari akatazama kimashine, akanipapasa kichwa, akasema, "Huyu bado."

Kiswahili changu kilikuwa cha darasani. Neno hilo nililijua vizuri. Mwalimu amefika? Bado. Maana yake yuko njiani.

Baba alikuja, naye Waya akaja kutoka kwa ndugu aliokuwa akiwatembelea. Mama alibaki hospitalini na Odongo, na Waya akanirudisha Magunga. Siku tuliyofika, bila kuvua hata viatu, aliingia chumbani kwa Mama akavuta lile sanduku la bati, akachukua na debe la kwenye mchanga, akavibeba hadi chooni. Nilisimama nje. Nilisikia peremende zikidondoka shimoni, fungu baada ya fungu, na katikati yake nilimsikia Waya akilia. Alikuwa akisema, nadhani akijisemesha mwenyewe, kwamba amemuua mtoto wa kaka yake kwa mikono yake. Baada ya muda mfupi likizo yake ikaisha, akarudi Uarabuni akiamini hivyo.

Tangu siku hiyo sikuingia tena kwenye choo kile. Nilienda nyuma ya migomba, nikikojoa napachagua pahali penye udongo mtupu, kisha nasubiri. Wenzangu wakiniita kucheza sikwenda, nilikuwa nimechuchumaa nikitazama ardhi. Siku nyingine hakuja mdudu yeyote, nikarudi nyumbani miguu ikiwa myepesi. Siku nyingine sisimizi mmoja alipita na safari zake, na mimi nikashinda na baridi mwilini kutwa nzima, jua likiwaka.

Niliacha sukari. Uji nilisema una moto, chai nilisema nimeshiba. Viazi vitamu niliwapa kuku Dani akigeuza kisogo. Hata maembe sikuyagusa, na ulikuwa msimu wake. Basi nikakonda, na shingo yangu ikawa nyembamba kama ya Odongo. Dani akaanza kunitazama kwa macho ya pembeni. Akinipita ananishika mkono wa juu, anapima unene wake kwa vidole, kisha anaguna. Jioni moja nilimsikia akimwambia Baba kwenye simu kwamba yule mwingine naye ameanza. Nilikuwa nyuma ya pazia.

Odongo aliporudi alikuwa amenenepa kidogo, akitembea mwenyewe, na nilimwogopa. Mama alirudi na sindano ndogo na vichupa vya dawa ambavyo havikutakiwa kupata joto. Hatukuwa na friji. Alivifunga kwenye mfuko wa plastiki, akavitia kwenye debe, akalizika kwenye mchanga mbichi kando ya mtungi. Asubuhi na jioni alimdunga Odongo pajani. Na jambo la kwanza alilouliza, akiwa bado anafungua kanga yake, lilikuwa ni wapi zile switi.

Dani akamwambia Waya alizitupa chooni.

Mama akasonya. Alisema nesi amemwambia mtoto huyu asitembee bila switi. Sindano ile hushusha sukari, na wakati mwingine huishusha kupita kiasi. Hapo atatoka jasho, atatetemeka, atasema maneno ya mlevi, na asipopewa kitu kitamu upesi atazimia, na anaweza kufa. Chokoleti hapana, hiyo huchelewa kufanya kazi. Zinatakiwa zile peremende za kawaida. Alienda dukani akanunua nyingine, akazitia katika mfuko wa sare yangu ya shule, si wa Odongo, kwa kuwa Odongo angezila. Akaniinamia. "Wewe ndiye unayekaa naye darasani. Ukiona jasho, mpe."

Niliitikia kwa kichwa. Nilidhani Mama amerukwa na akili kwa kukosa usingizi. Ni sukari iliyotaka kumuua, na sasa nitembee na sukari nimpe akiwa mgonjwa? Nilivaa sare ile siku zote nikiwa nimeusogeza mfuko mbali na mwili, kama mtu aliyebeba makaa.

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka shule saa sita. Odongo alikuwa amecheza mpira wakati wa mapumziko, amekimbia kuliko wote, amefurahi. Njiani, katikati ya mashamba ya mahindi, akaanza kuburuta miguu. Nilimwambia afanye haraka. Akanijibu kwamba Mama yuko juu ya mti. Hapakuwa na Mama wala mti. Nilipomgeukia, uso wake ulikuwa umelowa, jasho linadondoka kwenye kidevu, na mikono inatetemeka. Akaketi njiani, akaegemea mahindi, akaniita kwa jina lake mwenyewe. "Odongo," akaniambia, "nataka kulala."

Nikauingiza mkono mfukoni, nikaishika peremende, na mkono haukutoka. Nilijua nikimpa atakufa. Nilijua pia Mama amesema asipopewa atakufa. Nilisimama hapo nikilia bila sauti, na ndipo niliposikia hatua. Alikuwa Min Awuor, na beseni la samaki kichwani.

Sijawahi kuogopa hivyo tena maishani, hata nilipokuwa najifungua. Nilimwinamia Odongo nikamfunika kwa mwili wangu. Min Awuor akatua beseni, akasimama mbali kidogo.

"Ana nini?" akauliza.

Nikazidi kumkumbatia Odongo. Akauliza tena, Mama alisema afanyiwe nini akiwa hivi. Mdomo wangu ukajibu wenyewe kwamba apewe switi.

"Unazo?"

"Ninazo."

"Basi mpe, nyathina, mwanangu."

Sikusogea. Nilikuwa nayatazama macho yake mekundu, na yeye akaona ninachokitazama. Nadhani alikuwa amekiona kwa watoto wengi. Hakukasirika. Aligeuka taratibu, akatupa mgongo, akayatazama mahindi.

"Mimi siangalii," akasema. "Mpe sasa."

Nikafungua karatasi kwa meno. Nikaitia ile peremende mdomoni mwa Odongo, nikamshika kidevu kama Mama alivyotuonyesha, nikamsihi aimumunye. Nikamtia na nyingine. Kisha nikangoja afe. Nilimhesabia pumzi, nikapotea, nikaanza upya. Min Awuor hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa umesimama wima, na nilisikia akinong'ona, labda akiomba. Samaki kwenye beseni walijaa nzi na hakuwafukuza.

Jasho likaanza kukauka. Odongo akafumbua macho, akanitazama kama aliyeamshwa vibaya.

"Mbona unalia?" akauliza. Kisha akamwona mjane. "Na huyu mbona anatazama mahindi?"

Min Awuor akacheka, cheko fupi, akainua beseni lake. Alitutangulia hadi karibu na nyumbani, akisimama kila tulipochelewa, bila kugeuza kichwa hata mara moja.

Jioni hiyo nilimweleza Mama yote. Nilimweleza kuhusu njia, na nikiwa nimeshaanza, maneno mengine yakafuata: sisimizi, migomba, viazi nilivyowapa kuku, na daktari aliyesema mimi bado. Mama alinisikiliza akiwa amekaa jikoni, mwiko mkononi. Alipoelewa lile neno, aliuweka mwiko chini. Akaniambia daktari alimaanisha sina. Akanieleza, kama nesi alivyomweleza yeye, kwamba si peremende zilizompa Odongo ugonjwa. Kuna kitu ndani ya mwili wake kilichochoka kufanya kazi yake, na kingechoka hata kama Waya asingekuja. Usiku ulipoingia akampigia Waya simu, akamwambia hivyo hivyo. Sikusikia Waya alisema nini. Nilimsikia Mama akisema mara nyingi, "Si wewe. Sikia, si wewe."

Odongo yuko hai. Anatengeneza injini za boti kule Mbita, ana mke na binti, na anajidunga mwenyewe pajani huku akipiga soga. Bado mimi hutafuta sisimizi kwa macho ninapokuwa na kiu kuliko kawaida. Wapo wanaosema hofu ya mtoto huisha akielezwa. Yangu ilipungua tu.

Sabato iliyofuata Mama alifanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa katika boma letu. Tulipotoka kanisani alipita kwa Min Awuor, akarudi naye kula chakula cha mchana. Dani aliwaona wakija akatangulia ndani. Min Awuor aliketi karibu kabisa na mlango, akageuzia uso wake nje, akasema yeye ataonja tu, tusijali. Mama alipakua. Samaki walikuwa katikati, ugali unafuka moshi, na hakuna aliyenyoosha mkono. Hata Mama, aliyemleta, mkono wake ulikuwa umebaki juu ya goti.

Ndipo Dani alipoinuka. Alishika kigoda chake, akakivuta hadi mlangoni, akaketi mbele ya Min Awuor, magoti yao yakikaribia kugusana. Akamega ugali, akauchovya, akamtazama yule mwanamke ndani ya macho, na akala.